9 Desemba na watoto wangu wa Thailand

Jamani, 9 Desemba imenikuta huku Thailand nafundisha, nikasema Uhuru haiwezi kupita hivi hivi. Usiku nikakanda maandazi, iliki na tui la nazi ambalo huku lipo kila duka, nilivyoanza kuchoma jiko zima likanukia kama kwa mama Tanga, machozi yakanilenga.

Asubuhi nikawachorea bendera ubaoni, nikawaambia ile ya Tanganyika ya 1961 haikua na bluu, bluu ilikuja 1964 baada ya kuungana na Zanzibar, na Alexander Nyirenda ndo alipandisha mwenge na bendera mpaka kileleni Kilimanjaro. Kabinti kamoja kakanyoosha mkono, "Kru, uhuru kutoka kwa nani?" (Kru ndo mwalimu kwao). Nikanyamaza kidogo, maana nchi yao haijawahi kua koloni, hilo neno nilikua nalichukulia kama kila mtoto duniani kazaliwa nalo. Nikaanza upya, Wajerumani, Waingereza, taratibu kabisa, na darasa lilitulia kuliko siku zote.

Kisha maandazi. Kila mmoja kaunganisha viganja, kainama, ndo kachukua la kwake.