Mkojo wa njano ulivyonidanganya

Nesi wa hema la huduma ya kwanza alininyima maji. Nilikuwa nimetoka kumaliza kilomita 42, kichwa kinagonga, nimetapika mara mbili, na nilichokuwa nalilia ni chupa ya maji. Badala yake akanishika mkono, akatazama vidole.

"Dada, hiyo pete inatoka?"

Nikaivuta. Haikusogea. Vidole vilikuwa vimejaa kama vimeumwa na nyuki.

"Tangu mbio zianze umekojoa mara ngapi?"

Hata mara moja. Kabla ya kuanza, ndiyo, mara nne au tano, mpaka foleni ya choo ikanizoea. Akanipandisha kwenye mizani, akaniuliza nilikuwa na uzito gani asubuhi. Nilitoka nyumbani na kilo 58.1. Mizani ikaonyesha 59.2.

"Umekimbia karibu saa tano, halafu umeongezeka kilo nzima," akasema, na wala hakuwa ananicheka. "Hujakaukiwa wewe. Maji yamekuzidi."

Wakanitoboa, wakapima damu: sodiamu, yaani madini yaliyo kwenye chumvi, 131. Kawaida huanzia 135. Nilipewa kikombe kidogo cha supu yenye chumvi kali kiasi cha kukunja uso, na nikaambiwa nisiguse maji mpaka nikojoe. Ilichukua saa moja na nusu. Nilipokojoa nilikojoa kama bomba lililopasuka, kichwa kikaanza kutulia, nikaruhusiwa kwenda.

Nilibahatika. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 mkimbiaji mmoja alifariki kwa tatizo hilihili, na watafiti waliowapima damu wakimbiaji 488 siku ileile walikuta asilimia 13 kati yao sodiamu imeshuka hadi 135 au chini yake. Watatu walikuwa na 120 au chini yake, kiwango ambacho mtu anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu, kwa sababu maji yanaingia kwenye seli za ubongo na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Yaani watu kama mimi. Wanaoshinda hawana muda wa kusimama kila kituo cha maji. Sisi wa nyuma tunao, na tunautumia.

Swali ni nilifikaje huko, maana mimi si mtu wa kupuuza maelekezo. Nilifika kwa kuyafuata.

Miezi minane kabla ya hapo nilianza kuchoka uchovu nisiouelewa. Mazoezi yaleyale, kasi ileile, lakini ngazi za ghorofa moja zinanitoa pumzi. Kama walivyo wengi, niliwaza vitamini. Nikanunua kopo la vidonge vya mchanganyiko, vitamini C ya miligramu 1,000, magnesiamu kwa ajili ya misuli inayobana, na tembe za chumvichumvi zinazotoa povu ukizitia majini. Nikajipangia kila kitu kwenye kisanduku chenye vyumba saba, chumba kimoja kwa kila siku ya wiki. Kisanduku kile kilinipa amani kubwa kuliko kazi iliyokuwa inafanyika ndani yake.

Siku ya tatu mkojo wangu ukabadilika. Si ule wa rangi ya chai unaoujua ukishinda bila kunywa. Huu ulikuwa wa njano ya kung'aa, kama ile kalamu ambayo wanafunzi hupakia mistari kwenye kitabu. Na kwenye mlango wa choo cha ukumbi wa mazoezi palikuwa na chati ya rangi: mkojo ukiwa mweupe uko sawa, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza maji. Nikaongeza. Bado njano. Nikaongeza tena. Nikawa natembea na chupa ya lita mbili, naamka usiku mara tatu, na kila asubuhi njano iko palepale. Nikajishawishi kuwa mwili wangu una kiu ya ajabu ambayo mimi mwenyewe siisikii.

Ilikuwa vitamini B2. Riboflavini, ndilo jina lake lingine, ni ya njano kwa asili, na figo hutupa nje kiasi ambacho mwili haukihitaji. Mwanamke anahitaji kama miligramu 1.1 kwa siku. Kidonge changu kilikuwa na 25. Chati ile haikuwa na kosa, ila ilikuwa inapima kitu kingine kabisa: ilikuwa inanisomea lebo ya kopo langu.

Kwa hiyo siku ya mbio nilisimama kila kituo, vikombe viwili viwili, maji na vinywaji vya wanamichezo. Nilidhani vile vinywaji vina chumvi ya kutosha kunilinda. Havina. Vingi vina sodiamu ya takriban nusu gramu kwa lita, wakati damu ina zaidi ya mara sita ya hiyo. Ukinywa kupita kiasi, kinywaji hicho nacho kinaizimua damu, tofauti ni kwamba kinaizimua taratibu kidogo kuliko maji matupu. Na mwili ukiwa kwenye mbio ndefu hutoa homoni inayoziambia figo zishikilie maji, ndiyo maana sikukojoa. Nilikuwa najaza ndoo isiyo na tundu.

Wiki mbili baadaye nilianza upya, safari hii kwa mizani ya bafuni.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Unakojoa, unajipima bila nguo, unakimbia saa moja kwa kasi unayotarajia kushindania, unaandika umekunywa mililita ngapi. Ukirudi unajifuta jasho vizuri, unavua zile nguo zilizolowa, unajipima tena. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, ongeza ulichokunywa. Mara ya kwanza, siku ya joto, nilianza na 58.4, nikarudi na 57.6, nikiwa nimekunywa mililita 300. Kwa hiyo nilitoka jasho lita 1.1 kwa saa. Asubuhi yenye ubaridi nilitoka lita 0.6 tu, karibu nusu. Nilirudia mara tisa katika hali tofauti, nikaandika kwa penseli ukutani nyuma ya mlango, na baada ya hapo hakuna mtu angeweza kuniambia eti kila mkimbiaji anywe kiasi fulani kila baada ya dakika 15. Mwenzangu wa mazoezi, mwanamume wa kilo 80, anatoka lita mbili. Kufuata chupa yake kungenirudisha hemani.

Lengo si kurudisha kila tone. Kupungua kidogo ni kawaida. Wataalamu wengi wa michezo wanakubaliana kwamba kwenye joto ndipo ukipita asilimia mbili ya uzito wako kasi inaanza kuathirika. Kwangu hiyo ni kama kilo 1.2. Kinachokatazwa kabisa ni kurudi mzito kuliko ulivyoondoka. Nikajiwekea sheria mbili: nanywa nikisikia kiu, na sinywi zaidi ya mililita 500 kwa saa hata nikutane na vituo vingapi. Siku ninayofanya mazoezi mara mbili ndipo nahesabu sana, kwa sababu inabidi nilipe deni kabla ya jioni: lita moja na nusu kwa kila kilo niliyopoteza, taratibu, pamoja na chakula chenye chumvi. Bila chumvi, sehemu kubwa inaishia chooni.

Kuhusu chumvi: ukiona kofia yako imekauka na mistari myeupe, na jasho likiingia machoni linachoma kuliko la wenzako, basi wewe ni wa jasho la chumvi. Lita moja ya jasho hubeba takriban gramu moja ya sodiamu, lakini watu tunatofautiana mno. Mimi mistari sina. Zile tembe za povu sasa natumia kwenye mbio zinazozidi saa mbili tu, na kwa mazoezi ya kawaida chumvi ya kwenye chakula inatosha.

Lakini ule uchovu ulikuwa bado upo. Ndipo nikaenda kufanya nilichopaswa kufanya miezi minane nyuma, kupima damu. Hemoglobini ilikuwa 12.1, juu kidogo tu ya mstari wa upungufu wa damu kwa mwanamke, ambao ni 12. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 11.

"Upungufu wa damu huna," daktari akasema, "ila ghala limebaki vumbi. Unaishi kwa kilichopo mkononi."

Nikamwambia kwamba vidonge vyangu vina chuma. Akauliza nameza saa ngapi na nini. Nikajibu: asubuhi, na kahawa ya maziwa. Hapo ndipo alipocheka. Kahawa na chai zinazuia chuma kisifyonzwe, kalsiamu ya maziwa nayo inazuia, na kidonge chenyewe kilikuwa kimechanganya chuma na kalsiamu humohumo. Kile chumba cha Jumatatu kilikuwa kinagombana chenyewe kabla hakijafika tumboni.

Mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, mwanamume 8. Ukikimbia unapoteza zaidi: kidogo kwa jasho, kidogo kwa utumbo, na kidogo kwa chembe nyekundu zinazopasuka kila nyayo inapopiga lami. Nilidhani hilo la nyayo ni hadithi za wakimbiaji. Ni kweli, ingawa peke yake haliwezi kukumaliza. Kinachoumiza zaidi ni homoni inayoitwa hepsidini. Saa tatu mpaka sita baada ya zoezi kali huwa juu, na ikiwa juu utumbo unafunga mlango wa chuma. Kumeza kidonge chenyewe pia kunaipandisha, hadi kesho yake.

Kwa hiyo aliniandikia chuma cha miligramu 60, siku moja nameza, siku moja napumzika, asubuhi, ndani ya nusu saa baada ya kukimbia kabla mlango haujafungwa, pamoja na chungwa. Kahawa baada ya saa moja na nusu. Hiyo saa moja na nusu ilikuwa ngumu kuliko mazoezi. Choo kilikuwa cheusi kama makaa, jambo la kawaida ukimeza chuma, nacho kikafunga mpaka nikaongeza dengu na mboga za majani. Baada ya wiki sita ngazi zikaacha kunitisha. Baada ya miezi mitatu feritini ilikuwa 34. Mwenzangu wa kilo 80 aliposikia, akataka na yeye anunue. Nikamkatalia mpaka akapime: chuma kikizidi mwili hauna njia ya kukitoa, na wako watu waliozaliwa na mwili unaokifyonza kupita kiasi, hukirundika kwenye ini na moyo bila kujua.

Mengine yalikwenda upesi. Vitamini D ilipimwa ikawa nzuri, sikununua. Vitamini C ya miligramu 1,000 niliiacha, kwanza kwa sababu ilinilegeza tumbo, na pili kwa sababu yapo majaribio yaliyoonyesha kwamba dozi kubwa za C na E zinaweza kupunguza baadhi ya mabadiliko ambayo mazoezi huyajenga kwenye misuli. Mwili unahitaji ule msukosuko kidogo ili ujifunze. Chungwa halina shida hiyo.

Kopo la mchanganyiko nililitupa, na sikujuta. Kuna rafiki anayeshindana kwenye ngazi ambako wanapimwa dawa za kuongeza nguvu. Yeye hagusi kidonge ambacho hakijapimwa na maabara huru. Nilidhani anazidisha hofu, hadi nilipojua kwamba kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 vikakutwa na homoni zilizopigwa marufuku ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mwanamichezo akikutwa nazo, kusema hukujua hakukusafishi.

Magnesiamu ndiyo niliyoing'ang'ania muda mrefu zaidi, kwa sababu ya misuli kubana. Nilitaka sana iwe dawa. Lakini misuli yangu hubana pale ninapokimbia kwa kasi nisiyoizoea, kwenye kilomita za mwisho, kwenye mguu uleule wa kushoto. Kama ingekuwa madini yamepungua mwilini, kwa nini mguu mmoja? Kocha alinipa mazoezi ya kunyanyuka kwa vidole vya miguu, seti tatu kila siku, nami nikayafanya kwa kinyongo.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye mbio zilezile. Asubuhi kilo 58.3, mkojo wa rangi ya majani makavu, kahawa moja. Nilipita vituo vinne bila kusimama, na kwenye kimoja kijana mwenye kikombe alinifuata hatua kadhaa akinisihi nichukue, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nashukuru. Nilikunywa lita mbili njia nzima. Nilimaliza kwa saa nne na dakika 21, nikaenda moja kwa moja kwenye mizani ya hema lile: 57.2. Nesi alikuwa mwingine, hakunijua. Nikazungusha pete, ikazunguka.

Mguu wa kushoto ulinibana vilevile, kilomita ya 38.