Nilivyotamka neno la herufi 45 kwa pumzi moja

Mwalimu wa klabu yetu ya Kiingereza hapa Goma alituandikia ubaoni: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Atakayelitamka Jumamosi bila kukwama atalipiwa soda.

Mtu anayesema «hawakutuandikishia» bila hata kufikiri haogopi urefu wa neno, anatafuta tu viungo vyake. Nikavitafuta. Kwa Kigiriki, pneumon ni pafu, mikros ni kidogo, skopein ni kutazama, konis ni vumbi, na -osis ni mkia wa kutaja hali ya ugonjwa. Katikati wamechomeka Kilatini: ultra, silex ambalo ni jiwe gumu, na Vulcanus, mungu wa moto. Yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini mno la silika, yale madini ya mchanga, kutoka kwenye volkano. Sisi tunaokanyaga makoro, yale mawe ya lava, ya Nyiragongo ya 2002, volkano hatuhitaji kuelezwa.

Mwanzo ndio ulionitesa. Kifaransa cha shule kinatamka p ya pneumonie, Kiingereza kinaimeza na kuanzia «nyu». Halafu kichwani mwangu «pneu» ni ile tairi ya pikipiki, ya kupeleka kwa fundi ijazwe upepo. Kumbe nayo imetoka kwenye pneuma, pumzi!

Basi nikaanzia mkiani: sis, O-sis, ni-O-sis, ko-ni-O-sis, kisha nikaongeza vol-KEI-no mbele yake. Mkazo mkuu uko kwenye hiyo O, silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapoupenda. Na mai-kro-SKO-pik ni hivyohivyo, na AL-tra pia. Wakaidi ni wawili tu, NYU-mo-no na SI-li-ko, wanaokazwa mwanzoni. Hao niliwarudia nikiosha vyombo mpaka nyumba nzima ikanichoka.

Soda niliinywa.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ni muuguzi. Aliponisikia alicheka: wao huandika silicose, basi. Na kweli, hilo refu lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa National Puzzlers' League, chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, makusudi liwe refu. Lakini jioni ileile akaniletea la kwake la kazini, oto-rhino-laryngologie. Tukaanzia mkiani: logie, elimu, larynx, koo, rhino, pua, oto, sikio. Kifaransa kinakaza silabi ya mwisho, kwa hiyo ule ujanja wangu wa O haukufaa hapo, ikabidi tukaze «gie».