Nilivyoikata antena ya redio kol mpaka ikawa fupi

Jamani wiki mbili nimeteseka na redio kol ya gari, nikaona niandike maana najua kuna madereva wenzangu wa hapa Arusha wanalia na kitu hikihiki af wanasingizia redio. Mimi pia nliisingizia. Nikibonyeza kuongea inapata moto kama pasi, na mtu aliye mbele yangu kilomita tano ananiambia unakoroma tu bwana, sikusikii.

Gari ni Landikruza ya watalii, ile ya paa la kunyanyuka, na antena alifunga fundi mmoja pale juu ya paa. Nlipomuuliza mbona ndefu hivo akasema ndefu ndo inashika mbali. Nikaamini! Kumbe urefu unafuata frikwensi (ile namba ya mawimbi ambayo redio imepangiwa), wala sio ubishi wa nani ana fimbo kubwa. Ukichukua 75 ukagawa kwa frikwensi ya megahezi unapata robo ya wimbi kwa mita, af unapunguza kama asilimia tano hivi. Tuseme 150 kwa hesabu rahisi (ya kwetu siitaji hapa, ni ya kampuni na inalipiwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano), fimbo inakuja kama sentimita 47 na nusu. Yangu ilikuwa 53.

Basi nikaazima mita ya SWR kwa mzee mmoja fundi pale Unga Limited, hii inapimia kiasi gani cha nguvu kinagonga antena na kurudi kwenye redio. Ikisoma 1 safi kabisa, moja na nusu hakuna shida, ila ikifika 3, robo nzima ya nguvu inarudi, yan redio ya wati 25 inarudishiwa wati sita na ushee, ndo maana inachemka. Mimi nikasoma tatu na nusu. Na chaneli yetu ya chini (yenye frikwensi ndogo) ilikuwa na nafuu kuliko ya juu, hiyo ni dalili antena ni ndefu, nikachukua msumeno wa chuma nikaanza kazi.

Nikakata, nikapima, nikakata, nikapima, inashuka lakini ikifika mbili inagoma, na nikishika waya wa antena mshale wa mita unacheza, nikifungua mlango unacheza tena. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikaendelea kukata mpaka sentimita 44.

Nikarudi kwa mzee, shikamoo, marahaba, akaizunguka gari hata mita hajaishika. Akagonga paa kwa kidole. "Kijana wangu, hili ni faiba. Nusu ya antena yako iko wapi?"

Sikumuelewa. Kumbe ile fimbo ni nusu tu, nusu nyingine ni bati la gari lenyewe chini yake, na faiba haina bati, hapo mawimbi yalikuwa yanatafuta pa kukanyagia yanakosa yanashuka na waya. Tukahamishia kikalio cha antena kwenye madigadi ya mbele karibu na boneti, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa ndo akakaza nati (rangi inazuia ethi, yan antena haishikani na bati la gari, hili nalo hakuna aliyewahi kuniambia), akaweka waya mpya wa antena wa om 50 (ndo aina inayoendana na redio hizi) kwa sababu wa zamani ulikuwa umebanwa na mlango mpaka umekaa kama chapati. Tukatoka nje ya bati la gereji, milango yote imefungwa, tukapima.

Mbaya. Sasa chaneli ya juu ndo ina nafuu, maana yake antena ni FUPI, na hakuna msumeno wa kurefusha. Nlikuwa nimeikata nikifukuzana na tatizo la ethi. Ikabidi ninunue fimbo nyingine, na safari hii mzee mwenyewe ndo alikata, milimita tatu tatu, maana kwenye hizo frikwensi milimita tatu ni kama megahezi moja nzima. Akaacha kwenye moja na pointi mbili.

Kesho yake nikiwa Meserani nikaita ofisi Njiro, wakajibu hapohapo, dada wa ofisini akauliza mbona unapiga kelele. Nlishazoea kupiga kelele.

Ile fimbo ya 44 mzee aliitupia kwenye kopo la rangi pale gereji, lina fimbo fupi nyingine zimesimama kama mishkaki. Nikazihesabu, kumi na moja.