Mwaka wa mvua za El Nino

Juzi tukiwa Urambo, binti yangu aliniuliza kwa nini Bibi, yaani mama mkubwa wangu, hajitwishi ndoo wakati bibi wa jirani anajitwisha. Nikamwambia daktari alimkataza. Akataka kujua alikuwa anaumwa nini, na mama mkubwa mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anachambua maharage. Nikanyamaza.

Mama mkubwa amelima tumbaku tangu usichana. Anayeijua tumbaku anazijua kuni za bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto: magogo kichwani kutoka porini, msimu kwa msimu, uwe na mimba au kichanga mgongoni. Kizazi kililegea, kikashuka, mwishowe kikawa kinatoka nje akisimama sana. Zahanati alikwenda. Alisema kiuno kinamuuma na mkojo haukai. Akaambiwa UTI, akapewa vidonge. Akarudi, UTI tena. Hakuna aliyemwambia panda kitandani tukuangalie. Siku za kliniki ni za wajawazito na watoto. Mwanamke akishakoma hedhi, ni nani anayemuuliza habari za huko chini?

Mimi nilijua siku niliyomfulia nguo, nikakuta vipande vya kanga vilivyokunjwa na kushonwa kama nepi. "Ni uzee tu, mwanangu," alisema. Lakini nilipomwambia twende hospitali Tabora mjini, hakubisha.

Dirisha la wazee tulipita bila kulipa, alishavuka miaka 60. Kazi ilikuwa chumba cha uchunguzi. Daktari alikuwa kijana mdogo. Alimwamkia, mama mkubwa akaitikia marahaba, kisha akagoma kusogea. "Huyu ni mjukuu wangu," akaninong'oneza. "Nimvulie nguo mjukuu?"

Nesi, mama mtu mzima, akamwomba daktari atoke kidogo. Akafunga mlango, akatandika kitenge, akamsaidia kupanda mwenyewe, akamfunika mpaka magotini. Kisha akavuta stuli akakaa upande wa kichwa. "Bibi, hata mimi nimezaa. Mkono wangu huu hapa. Yeye ataangalia ugonjwa, wewe zungumza na mimi." Wakawa wanazungumza habari za mihogo daktari aliporudi. Niliona vidole vya mama mkubwa vimeukaza mkono wa yule nesi mpaka kucha zimekuwa nyeupe, huku sauti yake ikieleza vizuri kabisa mihogo ya kwao inavyooza.

"Imeanza lini, bibi?" daktari akauliza.

"Mwaka wa mvua za El Nino."

Kalamu ikasimama. Ni 1997 kuingia 1998. Huenda kijana yule alikuwa hajazaliwa. Nesi hakumuuliza kwa nini hakuja mapema, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Aliwekewa pete ya mpira ya kukishikilia kizazi, akaambiwa atarudi kila baada ya miezi kadhaa isafishwe, na asibebe mizigo mizito. Upasuaji utasubiri daktari bingwa. Pete yenyewe inaenea kiganjani, na haikuhitaji kisu wala sindano ya usingizi. Miaka yote ile! Bado inaniuma.

Aliporudi kijijini alimsimulia shoga yake mmoja. Sasa kila nikienda, wanawake wa rika lake hunivizia nikiwa peke yangu. Hawaniulizi nauli wala dawa. Wanauliza kama anayepima ni mwanamume, na kama yule nesi bado yupo. Nami siwezi kuwaahidi, maana inategemea siku watakayokwenda na nani yuko zamu.