Kifaru, Kitoto na Muuza Dawa ya Panya

Julai 2020. Chuo kilikuwa kimefungwa tangu Machi na walimu tulikuwa tunafundishia sebuleni. Mimi nilikaa Zimmerman, Nairobi, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama barabara. Somo lilikuwa sarufi ya Kiswahili, mwaka wa kwanza, wanafunzi 140 na ushei. Idara ilitupanga wawili: mimi kwa kuwa niliijua Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, na mwenzangu, tuliyemwita Daktari, mama mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, anayeishi South C, kwa kuwa aliijua sarufi. Ndivyo tulivyoambiwa, na tusi lililokuwa ndani yake nililiona baadaye.

Tulidhani tumegawana kazi vizuri. Yeye azungumze, mimi nisome maswali yanayoandikwa pembeni. Wiki inayofuata tubadilishane. Jaribio la kwanza tukaligawa kwa namba za usajili: shufwa kwangu, witiri kwake. Jambo moja tu hatukulifanya, na ndilo lililokuwa muhimu: kukaa pamoja na kuandika majibu tunayoyakubali.

Swali la tatu liliwataka wataje ngeli ya nomino nne, na moja ilikuwa kifaru. Mimi nimelelewa na sarufi ya shuleni kwetu, ngeli, yaani kundi la nomino, inatambulika kwa upatanisho, yaani kiambishi ambacho nomino inakileta kwenye kitenzi: kifaru amelala, vifaru wamelala, kwa hiyo A-WA. Aliyeandika KI-VI nilimchora mkasi bila huruma. Mwenzangu alisomea ile njia ya Bleek na Meinhof, wanaisimu wa Kijerumani, ya kuzipanga ngeli za Kibantu kwa viambishi vya nomino na kuzitia nambari. Kwake kifaru kina ki-, kiko ngeli ya 7, na KI-VI ni jibu halali. Aliwapa alama zote.

Alama zilitoka Jumatano. Alhamisi saa kumi na moja jioni, kabla hata sijamaliza kusalimia, mwanafunzi mmoja akafungua maiki. Yeye na binamu yake walikuwa nyumba moja Kitengela wakitumia simu moja, kwa kuwa bando za wawili zingewamaliza. Walikuwa wameandika jibu lile lile. "Mwalimu, mimi nimepata sufuri na yeye amepata. Kifaru wangu ana shida gani?"

Darasani ukiteleza mwenzako hukohoa, au hukutazama tu ukaelewa. Kwenye skrini hakuna wa kukohoa. Nilikimbilia kujitetea. Nikasema viumbe hai wote ni A-WA, hiyo haina mjadala. Daktari akasema, kwa sauti yake ile ya upole inayotisha, kwamba mjadala upo, tena una zaidi ya miaka mia moja. Nikajibu. Nilieleza Bleek alikuwa anatafuta nini, na kwa nini mtoto wa Kenya haulizwi ngeli ya 7 kwenye mtihani wa taifa. Nilieleza kwa ufasaha ambao sijaupata tena, dakika mbili nzima, mpaka nilipoona alama nyekundu kwenye maiki yangu.

Alikuwa amenizima.

Ujumbe wa wanafunzi ulikuwa unamiminika. "Mwalimu amefungwa mdomo." "Wanagombana?" Nikahisi masikio yanawaka moto. Mtu unaweza kukosana na mwenzako kwa miaka kwa jambo dogo kuliko hilo.

Simu ikaita, ni Daktari. "Mwanangu, usikasirike, kuna mtu huko kwako ananiuzia dawa ya mende." Hapo ndipo nikasikia. Chini ya dirisha, yule jamaa wa mkokoteni na kipaza sauti chake chenye tangazo lililorekodiwa: panya, mende, kunguni, viroboto. Nilikuwa nimemzoea hata simsikii tena.

Nilipofungua maiki, nilikuta binti mmoja ameshauliza: "Na kitoto je? Kitoto si kiumbe hai? Mbona tunasema kitoto kinalia?"

Kimya. Nilikuwa nimesema viumbe hai wote. Daktari angeweza kunimaliza hapo hapo, lakini alicheka. "Haya, Mwalimu, tujibu pamoja." Tukaanza upya, yeye akishika kiambishi, mimi nikishika upatanisho, na ikabidi nikiri kwamba sheria yangu ya viumbe ilikuwa mkato wa shuleni. Upatanisho wenyewe ndio unaokitia kitoto KI-VI, uhai wake haukisaidii. Kipindi kilipita muda wake kwa nusu saa na hakuna aliyeondoka, bando au si bando.

Usiku ule tulisahihisha upya karatasi zote kwa simu, mimi nikisoma, yeye akiamua, kisha kinyume chake, tukipokezana gharama ya kupiga. Tulikubaliana: jibu lolote kati ya hayo mawili, mradi mwanafunzi aseme anatumia kigezo gani. Ambao hawakusema, tuliwapa nusu. Kosa lilikuwa letu, swali halikuwauliza.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na moja na dakika ishirini hivi, nikiwa katikati ya vivumishi, ujumbe ukatokea pembeni kutoka kwa yule wa Kitengela: "Mwalimu, mende wamefika." Nikazima maiki mwenyewe, na Daktari akaendelea na sentensi yangu pale nilipoiachia.