Nilivyowakalisha HR na mwenyekiti wa tawi kwenye samaki mmoja

"Dada, bila posho humpati mtu Mwanza hii." Aliyeniambia hivyo alikuwa ameegemea gari lake pale Nyakato, anazungusha funguo kidoleni, na simtaji kwa sababu anajijua. Huu ni mwaka wa tatu tunakutana kila mwezi, watu wa waajiri na watu wa vyama vya wafanyakazi, meza moja, na hatujawahi kutoa hata nauli ya daladala. Wanaoniuliza tulifanyaje wasome, na yeye asome pia.

Mimi ni afisa rasilimali watu, yaani HR. Kiwandani wananiita Dada Bahasha, maana nikionekana nakatiza na bahasha ya kaki mkononi, kila mtu anaangalia chini kana kwamba kadondosha kitu. Miaka kumi na kitu nimekaa upande mmoja wa meza, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi upande wa pili, na tulikuwa tunajuana kwa barua tu. Yeye anaandika "Yah: Malalamiko", mimi naandika "Yah: Majibu ya malalamiko", siku zinakwenda.

Wazo lilinijia Mei Mosi ya 2021, ile ya kitaifa iliyofanyika kwetu uwanja wa CCM Kirumba, Rais Samia akiwa ndio kwanza ameshika madaraka. Tuliandamana fulana moja, bango moja, jua moja. Ilipoisha, wenzangu wa menejimenti wakapanda magari kwenda kula hotelini, watu wa tawi wakashuka Mwaloni kula samaki. Nikabaki pembeni ya barabara na fulana imelowa, sijui nifuate nani: njaa yangu ilikuwa ya Mwaloni, cheo changu kilikuwa cha hotelini.

Baadaye nikasoma kwamba wenzetu Marekani wana chama cha watu wa mahusiano kazini tangu 1947. Kilianza kikiitwa Industrial Relations Research Association, mwaka 2005 kikageuza jina kuwa Labor and Employment Relations Association. Kilichonivutia ni matawi yake ya mikoani. Wanakutana watu wa menejimenti, watu wa vyama, wasuluhishi, wanasheria, walimu wa vyuo, anasimama mmoja anaongea, wengine wanabishana naye, kisha kila mtu kwake. Hakuna anayekwenda kushinda kesi. Nikasema hili Mwanza linawezekana, mji una viwanda, una bandari, una vyuo, una Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoamua migogoro ya kazi. Nikaanza kukosea siku hiyo hiyo.

Nilikodi ukumbi hotelini, laki tatu na kitu hivi, projekta na maji ya chupa humo humo. Nikachapisha bango. Nikaandika barua sitini zenye nembo na muhuri, nikazisambaza mwenyewe kwa bodaboda kuanzia Igoma hadi Pasiansi. Juu niliweka neno SEMINA kwa herufi kubwa, chini nikaweka mgeni rasmi, kwa kuwa niliambiwa bila mgeni rasmi watu watakuona tapeli. Mada ilikuwa "Mahusiano Mema Kazini kama Chachu ya Uzalishaji Wenye Tija". Naomba mnisamehe, nilikuwa nimetoka kuandika ripoti ya mwaka.

Simu zikaanza. Kumi na saba, nilizihesabu, na hakuna aliyeuliza habari ya mada. "Afisa, habari za kazi, hivi kuna posho?" "Nauli ni ya kurudishiwa au tunapewa mkononi?" Mmoja, mtu mzima kabisa, akataka kujua kama mtu akisaini asubuhi halafu akapata dharura, bahasha yake anaweza kuichukua ndugu.

Siku yenyewe walikuja tisa, mmoja wao fundi wa kiyoyozi. HR watano wakakaa chini ya hicho kiyoyozi, watu wa matawi watatu wakakaa karibu na mlango, mikoba wameipakata kama wako stendi ya basi. Baadaye ndipo nikaelewa: watu wa vyama waliamini nimetumwa na waajiri kuwachora, na waajiri waliamini vyama vimenitanguliza kutafuta wanachama. Bosi wangu mwenyewe aliniita akaniuliza kwa upole kama nimeamua kuingia kwenye siasa.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu, akafika saa sita kasoro. Akasoma hotuba nzuri sana, ila ilikuwa na "wakulima wetu wa pamba" mara nne, nikajua ni ya shughuli nyingine. Tukapiga makofi, tisa sisi. Akaondoka. Fundi naye akamaliza kazi yake akaondoka.

Sasa chakula. Nilikuwa nimelipia biriani sahani arobaini. Arobaini! Mhudumu ananiuliza, "Tupakue zote?" nami sina jibu. Mwisho nikatoka nje nikawaita vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale mbele. Waliingia na kofia zao ngumu, wakakaa chini ya bango la chachu ya uzalishaji, wakala kwa heshima kuliko wageni wangu. Kiongozi wao akanawa, akanifuata: "Mama, tumeshukuru. Kesho semina inaendelea?" Hadi leo nikipita kijiwe kile naitwa Mama Semina.

Baada ya hapo washauri wakaongezeka. Ushauri mbaya kuliko wote ulikuwa huu: sajili kwanza, andikeni katiba, mchague viongozi, ndipo mkutane. Tulipoteza miezi mitatu kwenye rasimu. Tulibishana jioni nzima kuhusu adhabu ya mweka hazina atakayekula hela, wakati hazina yenyewe ilikuwa elfu nane na deni la biriani. Jina nalo hatujalipata mpaka leo. Kwenye WhatsApp tumeandika "Samaki Alhamisi", na mke wa mwanachama mmoja aliwahi kulifungua kundi lile akitafuta huyo Samaki ni nani.

Aliyenifungua macho ni mwenyekiti wetu wa tawi, mzee ambaye kadi yake ya kwanza ya chama ni ya enzi za JUWATA, ile jumuiya ya wafanyakazi ya zamani. Nilikutana naye getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Nasikia ulipika biriani."

"Mzee, si nilikuletea barua?"

"Barua yako ina muhuri, mama. Kwetu sisi barua ya HR yenye muhuri ni ya kufukuzwa tu. Mimi niliiweka kabatini, sijaifungua mpaka leo. Ungenipigia simu."

Ungenipigia simu! Barua sitini, mafuta ya bodaboda, laki tatu za ukumbi. Alhamisi iliyofuata nikampigia yeye na wengine saba, tukakutana kwa mama mmoja anayekaanga samaki kando ya ziwa, viti vya plastiki, saa kumi na moja jioni. Wakaja wote wanane. Ila wakakaa vilevile: HR huku, matawi kule, kila mtu na sahani yake, kila mtu na simu yake.

Hapa naomba nijisifu. Mwezi uliofuata nilitangulia nikamwambia mama asikaange sato za sahani sahani. Atafute wakubwa, kilo mbili kwenda juu, samaki mmoja watu wanne, sinia moja, ugali mmoja. Mama akaniangalia. "Watagombana hawa." Nikamwambia ndicho ninachokitaka. Nikakata vikaratasi vya namba, nikaweka sharti moja: hakuna watu wawili wa ofisi moja kwenye samaki mmoja, na kila samaki lazima awe na mtu wa tawi na mtu wa menejimenti.

Kazi ilianza kwenye kunawa. Jagi ni moja, beseni ni moja, na mwenye jagi ndiye anayemmwagia mwenzake. Nilimwona kwa macho yangu HR wa kiwanda kimoja, mwenye tai, akimmwagia maji katibu wa tawi ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amemwandikia barua ya kurasa tatu. Katibu akasugua mikono polepole, makusudi kabisa, jagi likimsubiri. Kisha tai ikaingia kwenye mchuzi wa nyanya, na katibu ndiye aliyeitoa, akaitupa nyuma ya bega la mwenye nayo, akasema, "Kula, bwana." Kichwa walikigombania kweli. Mwishowe akapewa mzee, shavu moja akalila, la pili akampa yule HR.

Jioni hiyo hiyo HR mwingine akaanza, "Kuna rafiki yangu…" Sote tukajua rafiki ni nani. Rafiki huyo alikuwa na kijana wa chumba cha baridi aliyekutwa na kosa, akamwandikia wito wa kikao cha nidhamu. Wito aliukabidhi saa kumi jioni, kikao kesho yake saa tatu asubuhi, na mwenyekiti wa kikao ni yuleyule msimamizi aliyemshtaki. Mzee hakusema kitu. Akachukua miiba ya samaki, akaipanga mezani mmoja mmoja, kila mwiba saa moja. Ikaishia kumi na saba.

"Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka ngapi kabla ya kikao?"

"Arobaini na nane," HR akajibu, tena haraka, kwa kuwa alikuwa anajua.

"Basi samaki huyu hatoshi. Mwambie rafiki yako aanze upya, amtafute mwenyekiti asiyehusika, na kijana aje na mtu wa tawi au mfanyakazi mwenzake."

Wiki mbili baadaye nikasikia kikao kilirudiwa, kijana akapewa onyo la mwisho, yuko kazini. Kama shauri lile lingefika Tume, mwajiri angeshindwa kwa utaratibu hata kama kosa lipo, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka vyote viwili, sababu ya haki na utaratibu wa haki. Sisi HR tunaijua hiyo kwa kichwa. Tunaisahau saa kumi jioni.

Wala si kwamba watu wa matawi ndio walimu siku zote. Mzee mwenyewe alikiri mwezi uliofuata kwamba amewahi kumpotezea mwanachama haki yake. Mtu ameachishwa kazi, wakazunguka naye ofisi hii na ile, hadi kwa diwani, wakiamini wanashughulikia. Walipofika Tume na ile Fomu Na. 1 ya kufungua shauri, siku 30 zinazoruhusiwa tangu kuachishwa zilikuwa zimepita, ikabidi waanze kuomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2, na sababu ya kuchelewa ni kwamba walikuwa kwa diwani. Alisimulia bila kumwangalia mtu, anachambua mkia. Kwa madai mengine, kama mshahara uliolimbikizwa, ni siku 60, na hapo napo watu wanachanganya.

Mambo mengine ni madogo ila yalitusumbua. Tarehe, kwa mfano. Mwisho wa mwezi HR yuko kwenye mishahara, na mpaka tarehe 7 bado anahangaika na kodi ya wafanyakazi, humpati. Katikati ya mwezi unampata ila hana hela. Tumechagua katikati, na mwenye hela kidogo anakula mchuzi.

Wanasheria tuliwakaribisha kwa masharti, baada ya mmoja kugawa kadi zake za kazi kabla hata ya kunawa. Siku hizi mwanasheria akitoa kadi analipia soda za meza nzima. Msuluhishi wa Tume ukimwalika, mwambie mapema kwamba hataulizwa shauri lolote lililoko mezani kwake, na umaanishe. Wetu alikuja, akatueleza jinsi watu wanavyojaza fomu vibaya, na mtu alipojaribu kusema "kwa mfano kuna kesi moja pale kwenu", akanyanyuka kwenda kunawa, akakaa huko mpaka mada ikabadilika. Majina ya wafanyakazi hatutaji, na simu hazirekodi. Aliyerekodi mara moja tulimtoa, na sijutii.

Gharama ni elfu kumi, kumi na tano ukiwa mtu wa soda mbili. Kila mtu anajilipia, na bosi wangu naye anajilipia, siku hizi anakuja na haniulizi habari za siasa.

Mwezi uliopita nikaona gari nalifahamu linaegesha karibu na mitumbwi. Akashuka yule jamaa wa Nyakato, anazungusha funguo, akatusalimia wote, akavuta kiti. Daftari la mahudhurio lilikuwa linazunguka. Likamfikia, akalipekua mbele na nyuma, akaniinamia sikioni: "Dada, ya posho nasaini wapi?"

Nikamwonyesha mstari. Alipomaliza kusaini nikamwambia elfu kumi ampe mama, na yuko samaki namba tatu, pamoja na mzee.