Nilivyomfuatilia sangara wa macho makubwa wa Ziwa Albert

Watu wakisikia samaki wa maji marefu hufikiria Tanganyika, ambako kina kinashuka mita 1,470. Ziwa letu la Albert, lililo kati ya Uganda na Kongo, halifiki hata mita 60. Shimo lake refu kabisa, lililo upande wa Kongo, lina kama mita 58 tu. Hata hivyo humo chini anaishi samaki asiyepatikana kwingine popote duniani: sangara mdogo mwenye macho makubwa, ambaye mtaalamu wa samaki Worthington alimwandika mwaka 1929 na leo kisayansi anaitwa Lates macrophthalmus. Mimi nimelelewa kando ya ziwa hili. Kilichokuwa kinaniuma ni kumwona samaki huyu akipita mwaloni, anapimwa, anauzwa, anapakwa chumvi, na hakuna anayeandika lolote, kwa sababu ndani ya karai hutamtofautisha na mtoto wa mputa, yule sangara mkubwa wa kawaida.

Kumtambua ndiyo kazi yenyewe. Mputa wa kawaida, yaani sangara yule yule aliyechukuliwa huku kwetu akapandwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, jike lake halipati mayai mpaka lizidi nusu mita. Basi ukikuta sangara mfupi, ukampasua, ukaona mayai ya manjano yamejaa na yamekomaa, huyo si mtoto wa mputa. Ni mkubwa wa aina yake. Ndiyo maana nilianzia kwa akina mama wanaotengeneza samaki, kabla hata sijapanda mtumbwi. Nilikuwa nawaambia, "Mama, huyu naomba nimpasue mimi, nyama yako nakurudishia." Walikubali, maana wao lazima wampasue tu. Kwa njia hiyo sikuhitaji kuua samaki hata mmoja kwa ajili ya utafiti, na kwa samaki adimu naona hilo ni jambo la kwanza.

Jicho nalo lina hila zake. Sangara akivutwa haraka kutoka chini, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka. Anafika juu tumbo limetokeza mdomoni na macho yamevimba. Ukipima jicho lililovimba, kila samaki wa kilindini atakuwa na macho makubwa! Kwa hiyo nilipima tundu la mfupa linaloshika jicho, kutoka ukingo hadi ukingo, nikalinganisha na urefu wa kichwa. Mfupa hauvimbi. Kila samaki nilimpiga picha pembeni ya rula akiwa bado mbichi, nikakata kipande kidogo cha pezi nikakihifadhi kwenye spiriti, na lebo nikaandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huondoka na maji.

Lakini samaki aliyeandikwa bila kina chake ni nusu ya habari. Mputa na huyu mwenzake wanagawana ziwa, mmoja yuko zaidi pembezoni, mwingine nje kwenye maji marefu, na ukiwachanganya kwenye karai moja huo mgawanyo unapotea kabisa. Wavuvi wetu, Wagungu, Waalur na Wakongomani, wana hesabu yao ya pima, mikono miwili ikinyooshwa. Mzee mmoja aliyenichukua kwenye mtumbwi wake alikuwa anaweza kukutajia pima za kila mahali anapotega. Niliamini hesabu yake, ila nilitaka iwe kwenye karatasi.

Nikatengeneza bildi, yaani kamba ya kupimia kina. Kamba ya nailoni, uzi mwekundu kila mita moja na wa bluu kila mita tano, na chini kipande kizito cha madini ya risasi nilichokitoboa kishimo kwenye kitako. Kishimo hicho nilikijaza grisi ya mashine. Bildi ikigusa chini, grisi inapanda na kipande cha sakafu ya ziwa: mchanga, vipande vya makome, au tope laini jeusi. Kwa kifaa hicho kimoja nikapata kina na makao ya samaki kwa pamoja. Shida ni upepo. Mtumbwi ukisukumwa, kamba inalala upande na kina kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Dawa yake tuliipata kwenye wavu wenyewe: alfajiri, kabla ya kuvuta, tunafunga mtumbwi kwenye boya la wavu, tunasubiri utulie, ndipo nashusha. Kamba inaenda wima. Baada ya hapo hakuna kukaa sana, kwa maana mawimbi ya Albert hayana mzaha, na koti la kuokolea sikulivua hata siku moja.

Nilivyozidi kuandika, mambo yakajipanga. Wale wafupi wenye mayai walitoka hasa kwenye nyavu za nje, ambako grisi ilikuja na tope. Kwenye mchanga wa pembezoni nilikuwa napata watoto wa mputa, na tumboni hawana mayai. Nilipomwonyesha Mzee daftari, aliangalia kidogo akasema, "Mwanangu, sisi tulijua huyu hakui. Ila hakuna aliyetuuliza."

Naharakisha kazi hii kwa sababu ziwa linabadilika. Siku hizi sehemu kubwa ya mavuno ni muziri na ragoge, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, na huko Buhuka, ufukweni upande wa Uganda, visima vya mafuta vya Kingfisher vinachimbwa kutoka nchi kavu vikipita chini ya ziwa. Nataka maisha ya kilindini yawe yameandikwa sasa hivi, kwa kina na kwa aina ya sakafu, yasije yakaanza kutafutwa baadaye.

Kwa sasa nafuatilia vifaranga. Akina mama wanaoanika muziri nimewapa ndoo ndogo yenye mfuniko, na kila kisangara chenye macho makubwa wanachokikuta kati ya muziri wanakiweka humo, pamoja na jina la mtumbwi uliokileta.